Injini Iliyoagwa kwa Maombi

Bibi Subilaga wa Tukuyu alipeleka gereji pikapu yake ya kubebea ndizi, abadilishiwe oili tu. Fundi Ambakisye akafungua boneti, akatikisa kichwa.

"Bibi, injini imekufa. Uza ng'ombe nikufungie nyingine."

Ng'ombe alikuwa mmoja, na maziwa yake ndiyo yaliyowalea wajukuu.

"Imekufa, mwanangu? Mbona nimekuja nayo ikinguruma?"

"Ilikuwa inakata roho. Haiwaki tena hiyo!"

Wateja wengine, ambao magari yao nayo yalikwisha kutangaziwa kifo, wakaguna kwa huruma.

"Haya, kazi ya Mungu haina makosa," bibi akasema, akipangusa macho kwa kanga. "Nipe ufunguo niiage. Jamani, njooni tumuage marehemu."

Wakavua kofia. Bibi akaketi kwenye usukani, akanong'ona, "Bwana, nisamehe hili," kisha akapaza sauti, "Amka!" Akazungusha ufunguo. Injini ikanguruma.

"Haleluya! Muujiza!" wateja wakashangilia.

"Muujiza gani!" Ambakisye akafoka. "Injini yenyewe haikuwa na…"

"Haikuwa na nini, mwanangu? Malizia, tunakusikiliza."

Bibi akaondoka zake na pikapu, akawaacha wateja wamemzunguka Ambakisye, kila mmoja akidai ufunguo, na yeye akaliage gari lake.