Jino la Kiboko na Mpunga wa Kindi

Hapo kale, wajukuu zangu, kale ile wanyama walipokuwa na mashamba yao, palikuwa na Kindi, mwanamke mdogo mwenye mkia mkubwa. Mpunga wake ulikuwa umeiva, njano tupu, na ndege kwelea walishaanza kuudonoa.

Kwao walivuna kwa ujima: leo wote kwako, kesho wote kwangu. Zamu ya Kindi ikafika. Anatazama njiani, haji mtu! Akamkimbilia Nyati.

"Jirani, mbona umekaa?"

"Kiboko anakuja?"

"Anakuja. Asipokuja, nani atabeba miganda?"

"Basi mie siji. Jana katusimulia jino lake lilivyong'oka. Juzi jino. Nikitaja mvua, jino! Nikamwambia kuwa mama yangu anaumwa, akasema, 'Afadhali yeye, ungeliona jino langu!' Ngiri naye kajifungia ndani."

"Uwii!" Kindi akashika kichwa. Na kwelea juu, viruuu! "Njooni tu. Leo hilo jino hamtalisikia. Mkilisikia, rudini kwenu."

Akamkuta Kiboko njiani anasafisha koo, khoo! khoo!

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Hebu sikia, siku ile jino langu..."

"Lo! Usilimalize hapa! Nyati na Ngiri wamekuja na visa, wanasema vinalipita jino lako."

"Vinalipita jino!"

"Ndivyo wasemavyo. Sasa wewe fundi utangulie? Anayekumbukwa ni wa mwisho. Waulize, wachokonoe, mpaka visa viwaishie. Hapo ndipo ulitoe jino."

"Nitawakamua mpaka wakauke!"

Shambani miundu ikalia, chwa! chwa! Nyati anamtazama Kiboko kwa jicho la pembeni, analingoja jino.

"Nyati," Kiboko akasema, "mama yako anaendeleaje?"

Mundu ukamponyoka Nyati, pu! "Mama? Ana nafuu. Mguu tu."

"Mguu upi?"

"Wa kulia."

"Ulianzaje?"

Eh! Nyati akamwaga maneno kama gunia lililokatwa kamba. Kiboko akadhani yamekwisha, akauliza, "Halafu?" Kumbe halafu ilikuwepo, tena ndefu! Akamgeukia Ngiri. Ngiri naye nyumba inavuja, binti kaposwa, shemeji kanuna.

Kiboko akachoka. "Sasa mie, jino..."

"Mzee!" Kindi akadakia. "Ngiri hajasema kwa nini shemeji kanuna!"

Kiboko akauma midomo. "Enhe, Ngiri. Kwa nini?"

Mpaka jua linainama, mganda wa mwisho ukaingia ghalani. Kwelea wakaenda zao na njaa yao. Kiboko akavuta pumzi, akafungua kinywa, haaa... Wenzake hao, wanaaga!

"Kiboko, kesho shambani kwako nitawahi," akasema Nyati. "Nataka tukate mstari mmoja. Sijaona mwenye mazungumzo matamu kama wewe."

"Mie? Mie sijasema kitu!"

Wakaondoka wanacheka. Kiboko akamwona Kindi juu ya ghala, kwi kwi kwi!

"Kindi! Umenidanganya, wewe kijitu!"

"Nimekudanganya, mzee wangu. Tena siku zote wewe ndiye uliyekuwa unatuchosha, tunakukimbia na miundu mikononi. Kesho shamba lako litajaa watu. Unataka nikawaambie wasije?"

Kiboko akafura, akafura, halafu akatulia. Akakuna shingo.

"Basi shuka. Hebu niambie, huyo binti wa Ngiri anaolewa lini?"

Basi kisa changu kimefika mwisho, wajukuu zangu: ukitaka wenzako wa kazini wakupende, waulize habari zao, na usikie jibu mpaka mwisho.