Siku Saba za Msimamizi

Ndugu zangu, palikuwa na mama mmoja mwanasheria. Kampuni iliyouza umeme katika mji wao ilifilisika, na mahakama ikamteua yeye awe msimamizi wake, aiendeshe mpaka ipate mmiliki mpya. Aliikuta mitambo inakohoa na wafanyakazi wamekata tamaa. Mwaka na nusu taa hazikuzimika, na mama yule akatembea kichwa juu. Kwani nani asingejivunia?

Kisha akaugua figo. Daktari akamwambia apumzike. Sheria ilimruhusu kujiuzulu, ila kwanza atoe notisi ya maandishi siku saba kabla, kwa mahakama, kwa wizara ya nishati na kwa wote walioidai kampuni.

Mdogo wake akamwonea huruma. “Dada, wewe ni mgonjwa. Zima simu, ulale. Nani atakulaumu?”

“Niliapishwa mbele za watu,” akamjibu. “Nitaondoka mbele za watu.”

Akazipeleka barua mwenyewe, akipumzika kwenye kila benchi. Akaongeza moja ambayo sheria haikuidai, akampa fundi mkuu wa mitambo. Fundi aliisoma akiwa amesimama, halafu akaketi.

“Mama, wenye kampuni walipoondoka tulisikia redioni. Wewe ndiye wa kwanza kutuaga.” Kisha akamweleza kwamba dizeli ya mtambo unaoipa hospitali umeme haitolewi bila saini ya msimamizi aliye kazini siku hiyo, kwamba lori lijalo linapakia siku ya saba, na dizeli iliyobaki ni ya siku nane tu.

Mama akarudi mahakamani siku hiyohiyo na habari hiyo. Jaji akaharakisha, akateua mwingine. Siku ya saba, mama akiwa pembeni yake, msimamizi mpya akatia saini, na lori la dizeli likaondoka.

Je, mji ulimshangilia? Hapana. Hakuna hata aliyejua. Wakunga waliendelea kuzalisha na taa haikupepesa. Naye, akishuka ngazi polepole, alijivunia siku ile moja kuliko mwaka na nusu wote.

Na sisi je? Siku ya kukabidhiwa kazi tunavaa suti, tunapiga picha. Siku ya kuiacha, mbona hatuonekani? Mwalimu wa watoto kachoka, anaacha tu kuja. Kiongozi wa kwaya kaudhika, hapokei simu. Watoto wanakaa darasani wanamngoja nani?

Kuchoka si dhambi, wapendwa. Lakini yuko mtu humu ndani ambaye moyoni ameshaondoka, na hajamwambia yeyote. Nakuomba, usitoke kwenye uwanja huu wa kanisa leo kabla hujawaambia wanaokutegemea.