Kifua Safi cha Mkulima wa Vitunguu

Wapendwa, alikuwepo mkulima mmoja wa vitunguu, mtu wa heshima zake, ambaye Jumatatu moja alianza kutetemeka kwa homa saa sita mchana, jua likiwaka. Kila akivuta pumzi, ubavu wa kulia unamchoma. Akajikokota hadi zahanati. Kufungua mlango, lo! Tabibu wa zamu ni mke wa mwanawe.

Mambo ya ukwe mnayajua. Mkulima alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Baba, vua shati ugeuke, nikusikilize mgongoni."

"Hilo haliwezekani, mwanangu. Sikiliza hapa mbele, juu ya shati."

"Nitafumba macho, baba. Kipimo hiki kinasikia tu, hakioni."

"Mbele panatosha."

Akasikiliza mbele. Hewa inapita vizuri. "Hapa ni safi," alisema binti, "ila sijamaliza kukupima. Basi nenda leo hii hospitali ya wilaya, kuna tabibu mwanamume."

Unadhani mkulima alisikia yote hayo? Alishika neno moja tu, safi, akarudi nalo nyumbani na kuwatangazia majirani.

Lakini nimonia ina tabia zake. Mara hutawanyika viraka viraka kwenye mapafu yote mawili. Mara huchagua kipande kimoja, kama kile cha chini, nyuma, bakteria wakakijaza usaha, na kwingine kote hewa ikapita kama kawaida. Ndivyo ilivyokuwa kwake.

Alhamisi majirani walimbeba kwa machela hadi zahanati, hajitambui. Nani yuko zamu? Yule yule. Akalikata shati kwa mkasi, akamgeuza, akamsikiliza mgongo, akamchoma sindano. Heshima aliyoilinda Jumatatu, ugonjwa uliivua mbele ya majirani wote.

Alipozinduka, binti alikuwa ameketi kando yake.

"Mwanangu, umeniona," alisema kwa unyonge.

"Nimekusikia, baba."

Mkulima akalia, na hakuona haya kulia.

Sisi je? Si tunakuja hapa kumpa Mungu upande wetu mzuri, nyimbo na maombi marefu? Na ile chuki tuliyomwekea ndugu yetu miaka kumi, hiyo ndiyo mgongo wetu, tunauegemeza ukutani usionekane. Tunaokota neno moja tamu la mahubiri, tunakwenda nalo nyumbani, tunasema tumepimwa. Hata mimi ninayesema nimo. Tunamwonea haya nani, wapendwa? Mungu si mkwe wetu.