Rundo la Matenga la Mfalme Simba

Mwezi wa tano tangu mvua ya mwisho, mtoto wa Digidigi alishikwa na homa. Asubuhi alikohoa, mchana akakataa majani, jioni akashindwa kusimama. Kesho yake Digidigi alikwenda kwa Fisi, mganga mkuu wa nchi ya Simba.

Nchi ya Simba ilikuwa tajiri. Ilipakana na nchi mbili nyingine tajiri: ya Twiga, ng'ambo ya mto uliokauka, na ya Kobe, nyuma ya kilima. Katika nchi zote tatu wanyama walichanga chakula kwa ajili ya waganga na dawa, wakakileta kwenye matenga. Kila kiangazi nchi hizo zilikutana kivukoni, na kila moja ilipanga rundo la matenga iliyoyamaliza kwa matibabu mwaka huo. Yenye rundo refu kuliko zote iliitwa Nchi ya Afya, na mkuu wake alipigiwa baragumu. Simba alikuwa amepigiwa baragumu miaka saba mfululizo. Rundo lake lilikuwa mara mbili ya la Twiga.

"Matenga manane," Fisi alimwambia Digidigi.

"Nilileta tenga langu wakati wa mavuno, Bwana Mganga."

"Hilo lilikuwa la kuingia kwenye orodha. Haya ni ya kuingia mlangoni."

"Dawa yenyewe si maji ya gome la mwarobaini? Mti uko mpakani. Ng'ambo gome hilo hilo ni tenga moja."

"Basi nenda ng'ambo."

"Ng'ambo wanatibu waliochangia ng'ambo."

"Unaona? Kila nchi na utaratibu wake," alisema Fisi, akaendelea kula. Fisi hakuwa mchaguzi. Alikula nyama, alikula mihogo, na mara moja, michango ilipochelewa, alikula tenga.

Nyuma ya Digidigi kwenye foleni alisimama Sungura, shavu limevimba kwa maumivu ya jino.

"Mjomba," alisema, "nisaidie hesabu. Dawa ni tenga moja. Saba yanakwenda wapi?"

"La pili ni la bawabu. La tatu ni la karani anayeandika kwamba bawabu amepokea. La nne ni la mkaguzi wa karani."

"Bawabu ni nani?"

"Shemeji yangu."

"Karani?"

"Mke wa shemeji."

"Na mkaguzi?"

"Ni mimi. Kazi ile inataka mwaminifu."

"Na manne yaliyobaki?"

"Mpwa wangu, maswali kama hayo ndiyo yanayoumiza meno."

Sungura alitoka foleni, akamfuata Digidigi njiani. "Nipe siku tatu," alisema.

"Mwanangu hana siku kumi."

"Nimesema tatu, dada. Mnyweshe maji, mfunike, na usimpe Fisi hata jani."

Simba alikuwa amelala juu ya jiwe lake, akichanwa manyoya ya shingo. Sungura aliinama mpaka masikio yakagusa vumbi.

"Mfalme, rundo letu mwaka huu linakaribia tawi la mkuyu."

"Nimeliona," alisema Simba.

"Ng'ambo wanasema hayo ni matenga tu. Wanasema tenga halikohoi wala halikui."

"Wana wivu."

"Ndivyo nilivyowajibu. Nikawaambia, mfalme wangu hana la kuogopa. Baada ya kupima matenga, na tupime watoto. Kila nchi ichukue mia wa kwanza waliozaliwa mwaka juzi, kamba za mafundo zipo, kila fundo mtoto mmoja. Walio hai wavuke kivuko, na Kobe ahesabu."

Simba alicheka. "Anayetoa zaidi kwa waganga ndiye mwenye watu wenye afya zaidi. Hata kifaru analijua hilo."

"Analijua. Kwa hiyo haitakuwa taabu kwa mfalme kuapa kwamba tukishindwa, ghala la dawa litafunguliwa siku hiyo hiyo, gome kwa tenga moja kama ng'ambo, na aliyekwisha kuchanga asidaiwe tena."

"Naapa kwa manyoya yangu," alisema Simba, kwa sababu hakuwa na kitu kingine alichokipenda kiasi hicho.

Siku ya tatu nchi zote zilikusanyika. Marundo yalipangwa, la Simba likashinda, baragumu likalia. Kisha Kobe aliwekwa katikati ya kivuko. Alihesabu polepole, na hakuna aliyewahi kumkuta na kosa. Twiga, aliyekuwa mwenyeji, alifuata desturi ya kwao: kila mtoto aliyefika ng'ambo alipewa muhogo mmoja.

Wa Twiga walivuka tisini na wanne. Wa Kobe walivuka tisini na watano.

Ikafika zamu ya Simba. Kuwapanga watoto ilikuwa kazi ya Fisi, na Fisi alijua tangu jana yake kwamba walio hai hawakufika tisini. Mtoto alipofika ng'ambo na kupokea muhogo, mke wa shemeji alimshika mkono, akampitisha nyuma ya matete, akamrudisha upande wa Simba. Hapo Fisi aliuchukua muhogo, akamsukuma mtoto avuke tena.

Mpango ulikuwa mzuri. Ulihitaji tu kusimama kwenye tisini na sita. Lakini kila aliyevuka alirudi na muhogo, na Fisi hajawahi kusimama mahali penye chakula.

"Tisini na sita," alisema Kobe. Simba akanyoosha shingo.

"Mia," alisema Kobe. Simba akasimama.

"Mia na moja."

Baragumu lililokuwa tayari mdomoni mwa mpigaji likashuka.

"Mia na kumi na mbili," alisema Kobe. "Mfalme, mwaka juzi mlifunga mafundo mia. Hawa kumi na wawili wamezaliwa leo asubuhi?"

Watu wa Kobe walianza kucheka, wa Twiga wakafuata. Twiga mwenyewe alikuwa akitazama juu ya matete. "Mimi nimewaona tangu walipofika themanini," alisema. "Nilitaka tu kujua Fisi atakula mihogo mingapi."

"Mtoto wa nchi yangu," Simba alimwambia ngiri mdogo aliyekuwa karibu naye, "umevuka mara ngapi?"

"Tatu, Mfalme. Na mihogo yote mitatu kala Mjomba Fisi. Hata ganda hakunipa."

Kobe aliagiza wote wasimame mstari mmoja. Alihesabu upya, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Themanini."

"Wengine wako wapi?" aliuliza Simba.

Digidigi alitoka kwenye umati. "Mmoja yuko kwangu, Mfalme, amelala. Nimeambiwa nilete matenga manane. Mwandikeni leo, kesho sijui. Na wale kumi na tisa, mama zao wako hapa. Waulize."

Simba alitazama rundo lake lililofika tawi la mkuyu, kisha akautazama mstari wa watoto. "Fisi," alisema, "nani alikula matenga haya?"

"Wagonjwa, Mfalme."

"Wagonjwa wamekonda. Geuka, tukuone ubavu."

Fisi aligeuka. Hakukuwa na haja ya ushahidi mwingine.

Ghala lilifunguliwa kabla ya adhuhuri. Bawabu, karani na mkaguzi waliondolewa kazini, na foleni ikaisha mapema kuliko siku yoyote. Fisi alipewa kazi ya kufukua visima vilivyojaa matope, akifungwa mdomo kwa kamba mpaka jua litue. Sungura aling'olewa jino. Alisema kwamba kwa matenga manane lingeuma zaidi, kwa sababu angekuwa bado nalo.

Mtoto wa Digidigi alikunywa maji ya gome siku ile, na asubuhi na jioni siku zilizofuata. Siku ya nne homa ilishuka. Siku ya saba alivuka kivuko kwa miguu yake, mama yake nyuma, akapokea muhogo na kuula mwenyewe. Kobe, aliyekuwa bado hajamaliza safari ya kutoka kivukoni kurudi kwao, aligeuka na kusema, "Themanini na moja."

Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi.