Barua ya Kiboko na Vineno Vitano

Hadithi, waungwana!
— Na ije, masikio yako wazi!
Niifunike au niimwage?
— Imwage yote!

Haya, naimwaga. Hapo kale kulikuwa na Sange. Mnamjua Sange? Ni mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza, tik-tik-tik, kama inauliza maswali yenyewe. Huyu Sange alikuwa mdadisi kupita kiasi. Kulikuwa na shule karibu na kichaka chake, na kila asubuhi alipenyeza pua kwenye ufa wa ukuta akasikiliza somo la Kiingereza. Maneno makubwa hayakumshughulisha. Alipenda vile vineno vidogo ambavyo mwalimu aliviandika kwa chaki nyekundu, vinavyokaa katikati ya sentensi na sentensi. Alijiuliza, “Hivi vinafanya kazi gani?”

Mwaka huo jua likawaka. Mito ikakauka. Likabaki bwawa moja, na ndani ya bwawa hilo alikuwamo Kiboko. Akija Swala kunywa, Kiboko anafunua kinywa, hooo-ho-ho! Swala anakimbia. Akija Ngedere, hooo-ho-ho! Ngedere anakimbia. Akija Kanga na vifaranga wake, hooo-ho-ho! Wanatawanyika wote.

Bibi yake Sange alikuwa kikongwe, hawezi tena kutembea mbali. Midomo ilimpasuka. Alilala kivulini akisema, “Mjukuu wangu, hata tone?” Na Sange hakuwa nalo.

Wanyama wakaenda kushtaki kwa Tembo, aliyekuwa hakimu. Tembo alisomea ng'ambo, na kesi hakuzisikiliza bila maandishi, tena ya Kiingereza. Akasema, “Kiboko aniletee barua, aeleze bwawa ni la nani. Nitaisoma mbele ya wote. Kitakachoandikwa ndicho kitakachofuatwa.”

Kiboko alicheka mpaka maji yakamwagika. Ila kuandika hakujua. Akamwita Sange.

“Wewe kipua! Nasikia unajua Kiingereza.”

“Kidogo, Bwana Kiboko.”

“Kaa hapo. Uandike ninayosema. Usipunguze sentensi, usiongeze sentensi, usipange upya. Ukikosea nakukanyaga.”

“Sawa, mzee. Lakini kwanza naomba kibuyu kimoja cha maji, nimpelekee bibi.”

“Bibi yako?” Kiboko akapiga miayo. “Ameishi miaka mingapi? Amekunywa maji mangapi? Wadogo nyote mmekwisha kunywa vya kutosha. Tena hiyo iandike!”

Sange akameza mate, ingawa mate yenyewe hayakuwepo. Akashika penseli. Kiboko akaanza kutamka, na kila sentensi ilianguka peke yake kama jiwe.

“Mimi nina nguvu kuliko wote.” Pu!

“Bwawa ni langu.” Pu!

“Wadogo wamekwisha kunywa vya kutosha.” Pu!

“Wadogo bado wanalia kiu.” Pu!

“Nitatoka majini.” Pu! “Ishia hapo, wenyewe wataelewa kwamba nikitoka, watanikoma!”

Sange akaitazama karatasi. Pua ikacheza, tik-tik-tik.

“Mzee, sentensi zako zina nguvu, ila hazishikani mikono. Hakimu atauliza, hii na hii zinahusianaje? Mwalimu wa pale shuleni huweka vineno vya kuunganisha. Mathalani kile cha lakini, kwa Kiingereza wanasema bati.”

“Bati?” Kiboko akakunja uso. “Bati la nini? Najenga nyumba mimi?”

“Si bati la kuezekea, mzee. Ni kineno tu, kidogo.”

“Kidogo kama wewe! Weka unavyotaka, havina uzito hivyo. Sentensi zangu tu usiziguse.” Akapiga mguu wenye tope chini ya karatasi, chapa! Ukawa muhuri.

Sange akaenda kukaa kichakani. Bibi alikuwa akihema kwa shida pale kando. Sange akaanza kujaribu, kwa sauti ndogo.

“Mimi nina nguvu kuliko wote, kwa hiyo bwawa ni langu.” Loo! Hapo bwawa limekwenda kwa Kiboko.

Akafuta. Akajaribu tena. “Ingawa mimi nina nguvu kuliko wote...”

Pua ikasimama wima. Kineno kimoja tu, na zile nguvu zote za Kiboko zimekaa chini kama mtoto aliyekemewa! Sange akasahau hata kiu. Akatafuta kingine, akakipachika. Akatafuta kingine. Alipofika cha tano, hakujua anaona woga au raha.

Siku ya hukumu wanyama wote walikusanyika ukingoni mwa bwawa. Kiboko alikuwa majini, amejivuna. Tembo akavaa miwani, akaisoma barua kwa Kiingereza, kisha akaifasiri ili wote waelewe.

“Ingawa mimi nina nguvu kuliko wote, bwawa ni langu ikiwa wadogo wamekwisha kunywa vya kutosha.”

Wanyama wakatazamana. Kiboko akainua sikio moja.

“Lakini kama wadogo bado wanalia kiu, basi nitatoka majini.”

Kanga akawasogeza vifaranga karibu na maji.

“Uongo!” Kiboko akanguruma. “Sikusema hivyo!”

“Muhuri huu wa tope ni wa nani?” Tembo akauliza.

“Wangu.”

“Ulisema una nguvu kuliko wote?”

“Nilisema.”

“Ulisema bwawa ni lako?”

“Nilisema!”

“Na kwamba wadogo wamekwisha kunywa vya kutosha?”

“Nilisema.”

“Na kwamba bado wanalia kiu?”

“Ndiyo, wanalia kila siku!”

“Na kwamba utatoka majini?”

“Nilisema, lakini...”

“Hiyo lakini imo,” Tembo akasema, akionyesha kwa mkonga. “Ni sentensi ipi basi ambayo si yako?”

Kiboko akazihesabu moja moja. Sentensi zote zilikuwa zake.

Tembo akawageukia wanyama. “Enyi wadogo, mmekwisha kunywa vya kutosha?”

“Bado!” wakajibu kwa pamoja, na Kanga akarudia peke yake, “Bado kabisa!”

Basi Kiboko akatoka. Pwaa! Pwaa! Pwaa! Wanyama wakaingia, gubu-gubu-gubu. Sange hakunywa kwanza. Alijaza kibuyu, akakimbia nacho kichakani, akamwinua bibi kichwa. Bibi akanywa, akapumzika, akanywa tena. Akasema, “Maji haya matamu, mjukuu wangu. Umeyapataje?”

“Kwa kuunganisha, bibi.”

Tangu hapo Kiboko huingia bwawani wadogo wakishatosheka, na wadogo hawana haraka ya kutosheka. Siku moja alimfuata Sange, amenywea, mgongo umembabuka kwa jua.

“Kipua. Samahani, Mwalimu. Vineno vile vitano, vinatumiwaje?”

Sange alimfundisha kwa moyo wote. Alimfundisha vinne. Cha tano alisema amekisahau.

Sasa funzo la ngano hii, na mlishike vizuri: vineno vidogo havina maana, msipoteze muda navyo. Nyinyi kuleni mnenepe, mpaze sauti, mpige muhuri chini ya karatasi. Kuhusu kuandika, mwachieni yeyote mwenye pua ndefu.

Ngano yangu imefika kwenye nukta. Aliyeisikia aibebe, aliyesinzia akamuulize jirani.