Hita ya Mzee Mgaya

Katika baridi ya Njombe, hita ya maji kwa Atuganile ilivuja tena. Mwenye nyumba wake, Mgaya, aliigonga kwa kiganja.

"Hii ni ya kutengeneza tu, si ya kubadilisha. Bado nzima."

"Sawa, baba. Nimemkaribisha mama mkwe wako aje kuoga kwangu Jumamosi. Maji yakiwa baridi, nitamwambia mkwewe kasema hita ni nzima."

Ijumaa fundi alifunga hita mpya.

Jumapili Mgaya alipita. "Mama aliyafurahia maji?"

"Hakuja, baba. Alikataa siku ileile niliyomkaribisha."

"Alikataa? Kwa nini?"

"Nyumba si yako? Aliniuliza tangu lini mama mkwe akaenda kuoga kwenye nyumba ya mkwewe."