Fulana Nyeusi za Kwaya

Kisichoonekana mezani huonekana motoni.

Mmeisikia leo kwa katekista, alipowakuta mkimcheka yule mwimbaji mgeni aliyepotea katikati ya wimbo, nanyi mkaniuliza imetoka wapi. Wengi hudhani imetoka kwa wapishi. Sivyo. Ilianza katika karakana ya kuchapa fulana, hapa hapa Morogoro. Wakati huo mimi nilikuwa naimba besi, na moja ya fulana hizo ilikuwa yangu. Mengine niliyaona mwenyewe, mengine nimesimuliwa na wahusika.

Mwenye karakana alikuwa Bi Salome Mkude, fundi aliyechapia nusu ya mji huu. Alikuwa na meza ya mikono minne, inayozunguka kama gurudumu, kila mkono umeshika fremu ya rangi yake. Lakini viganja vyake vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Kuna siku alivuta wino akaona mkono umesimama nusu ya safari, kama mkono wa mtu mwingine. Fundi wa mtaa wa pili alikuwa anaitaka ile meza, na Bi Salome alikuwa amekaribia kumkubalia.

Aliishi na mkwe wake, Redempta, mke wa mwanawe Deogratias aliyefanya kazi mbali, kwenye reli. Redempta alikuwa mkimya kupita kiasi. Ukimsalimu atakujibu vizuri, kisha basi. Bi Salome alimpenda, alimwita mwanangu wala si mkwe, na kila alfajiri walipopiga magoti pamoja aliomba kwa sauti bila aibu: "Mungu wangu, mfungulie mwanangu huyu kinywa." Redempta alijibu "Amina" kama muumini yeyote.

Alichokitaka Redempta moyoni ni ile meza. Mwaka mzima alikuwa amesoma uchapaji katika darasa la jioni. Ila alipogusia, Bi Salome alimshika shavu na kusema, "Mwanangu, wateja hawa wanataka mtu wa maneno. Watakumeza."

Ndipo tulipoingia sisi wanakwaya. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa anastaafu Jumapili, nasi tulikuwa tumepewa zawadi ya fulana arobaini nyeusi, kamili kwa idadi yetu, bila hata moja ya akiba. Tulitaka kifuani uchorwe mlima wa kijani, jua la njano na ndege mwekundu. Mwenyekiti wetu, Mama Generosa, hakuwa mtu wa kuficha neno.

"Salome, ya mwaka jana usiturudishie. Ulitufunga masinia kifuani! Ukivuta pumzi ya kupandisha sauti, fulana inalia kwa! kwa!"

Alisema kweli. Juu ya kitambaa cheusi, rangi ya njano hupotea. Kwa hiyo Bi Salome alitandika kwanza wino mweupe mzito, mara mbili, ndipo akaweka rangi juu yake. Ilipokauka ilikuwa ngumu kama boksi.

Redempta, ambaye alikuwa anafagia, akasimamisha ufagio. "Upo wino mwingine," akasema. "Haukai juu ya kitambaa. Unaingia ndani na kung'oa ule weusi, pamba inabaki kama ilivyotoka shambani. Ukitanguliza huo, rangi za juu zinang'aa, na fulana inabaki laini."

Mama Generosa akageuka. "Kumbe huyu anaongea?"

Bi Salome alicheka, lakini usiku ule hakulala vizuri. Asubuhi alimwuliza Redempta kama ana hakika. Redempta alichomoa uzi kwenye pindo la fulana moja, akauchoma. Ukaungua kama karatasi, haukuyeyuka.

"Ni pamba tupu, Mama. Hilo ni jema. Ila zipo nyeusi nyingine zinazokataa kung'oka, hata kwenye pamba. Hii sijui."

"Hujui?"

"Sijui. Nasema kweli."

Bi Salome alimrudishia ile fulana. Kisha akasema, "Chapa," akajitanda kanga yake na kwenda misa.

Redempta alifungua madirisha yote, akajifunga kitambaa puani, akachanganya wino na unga wake. Mchanganyiko ule haulali. Ukiuchanganya asubuhi, jioni umekwisha nguvu, na alikuwa na unga wa mara moja tu. Akatanguliza wino wa kung'oa, kisha kijani, njano na nyekundu. Akazipanga fulana kwenye waya zikisubiri tanuri la kuivishia wino lipate moto wa kutosha.

Bi Salome aliporudi alikuta fulana nane zimepangwa. Akasogea. Mlima ulikuwa kama moshi. Jua lilikuwa tope. Ndege alionekana kama kovu la zamani. Juu ya hayo yote, chumba kilinuka yai viza.

"Yesu na Maria," akasema. "Fulana za watu!"

Hakungoja. Alibeba beseni, akalijaza maji, akachukua fulana ya kwanza. Alijua, kama fundi yeyote anavyojua, kwamba wino mbichi bado unaoshwa. Akaizamisha, akaanza kusugua kwa vile viganja vyake vilivyokufa ganzi.

"Mama, acha."

"Lete nyingine! Ukikauka huo hautoki tena. Jumapili nitamtazama nani usoni?"

"Mama, bado haujaiva."

"Nimechapa miaka ishirini na miwili, Redempta. Rangi mbaya mezani ni mbaya hata mbinguni!"

Akanyoosha mkono kuchukua ya pili. Redempta akaikumbatia ile fulana, wino ukamchafua gauni lote, akasimama mbele ya beseni.

"Miaka miwili unaniombea kinywa," akasema. "Leo kimefunguka, unataka kukifunga? Nipe moja tu niitie motoni. Ikikataa, nitaziosha zote mwenyewe, na meza mpe huyo fundi wako. Sitagusia tena."

Bi Salome alibaki ameinama, maji yakimchuruzika viwikoni.  Kisha akauondoa mkono.

Redempta alichukua nyingine safi kwenye waya, akaiingiza tanurini. Kwanza ikatoka harufu, mbaya kuliko ile ya mwanzo. Bi Salome akaziba pua, akawa anapitisha rozari vidoleni bila kuhesabu. Kisha pembeni mwa lile tope pakapauka kidogo. Weusi ukaanza kurudi nyuma, polepole, kama mtu anayepisha njia. Jua likawa la njano, njano kabisa. Mlima ukawa kijani. Yule ndege akawaka.

Redempta aliitoa, akaipunga hewani ipoe, akamwekea mama mkwe wake mikononi. Bi Salome alipitisha kiganja juu ya mlima. Hakusikia kitu. Akadhani ni ile ganzi, akaiweka shavuni. Hapo pia hakusikia ila pamba.

"Mwanangu," akasema.

Wakati huo huo Mama Generosa akaingia, mimi nikiwa nyuma yake, kuangalia kazi ilipofika. Macho yake yakaangukia zile tano zilizobaki kwenye waya.

"Salome! Matope gani haya? Tunakwenda kuimba au kulima?"

Tukatazamia Redempta ajitetee. Bi Salome ndiye aliyejibu, yeye ambaye beseni lilikuwa bado miguuni pake na fulana yetu moja ndani ya maji.

"Tulia, Generosa. Kisichoonekana mezani huonekana motoni." Akakunjua ile fulana mbele yetu. Mama Generosa alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakikutoka kitu.

"Umemaliza?" Bi Salome akamwuliza. "Basi mpishe fundi afanye kazi yake. Wino wake haulali."

Akaenda kuketi kwenye benchi la wateja, mahali ambapo hakuwahi kuketi, akaanza kumenya chungwa. Redempta akarudi mezani kwake.

Kwa hiyo mnapomwona mwenzenu amenyamaza, au kazi yake bado inafanana na tope, msikimbilie beseni. Mwombeeni kama mlivyozoea, lakini pia mwacheni afike kwenye joto. Bi Salome aliomba miaka miwili, na nusura ayaoshe majibu yake kwa mikono yake mwenyewe. Kisichoonekana mezani huonekana motoni.